Kutu Chini ya Rangi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, na kidonda cha mdogo wangu kimefunguka tena. Hakusema yeye, zimesema soksi. Nimemkuta uani anazifua kwa mkono, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kufua hata leso, na Mama amekaa kizingitini anamsifu kwamba hatimaye amepata akili. Nikamwambia apandishe suruali nione. Akaniuliza nimeajiriwa polisi tangu lini. Nikamwambia polisi wangembembeleza, mimi sina muda huo. Akapandisha.

Kitundu ni kidogo kama punje ya mtama. Kiko mahali pale pale pa Novemba na pale pale pa Januari, kwenye muundi, juu ya lile bamba la chuma alilofungwa mwaka jana alipoanguka kutoka kwenye paa la ghala. Ukikitazama haraka utadhani ni chunusi. Ukikibonyeza kinatoa usaha. Nimechukua sampuli kwa kijiti cha pamba nikaibeba kazini ndani ya mkoba, kati ya mwavuli na chakula cha mchana.

Msimu huu nitaandika. Mara mbili zilizopita kila mtu alisema lake, na mambo yalipoharibika hakuna aliyekumbuka nani alisema nini. Mimi nataka kukumbuka.

Jumatano, 5 Machi

Ni yule yule. Nimekaa chumba cha bakteria miaka mingi kiasi kwamba huyu namjua kwa rangi na kwa harufu kabla sijamweka chini ya hadubini. Ameijaza sahani, wa manjano, ametulia kama mtu wa nyumbani.

Kwa asiyeijua kazi yetu: tunampaka bakteria kwenye sahani yenye chakula chake, kisha tunaweka juu vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake, dawa inayomuua utaikuta imezungukwa na duara safi ambalo ameshindwa kuota ndani yake. Duara likiwa pana, dawa inamweza. Kusipokuwa na duara, ana usugu, tafuta nyingine. Duara la dawa ya kwanza leo ni pana, zuri, la kupigwa picha. Nimeandika kwamba dawa inamuua, nikatia sahihi.

Na ni kweli inamuua. Inamuua kwenye sahani yangu, akiwa uchi, ametawanyika juu ya chakula. Kwenye chuma kilichomo mguuni hayuko hivyo. Kule wameshikana, wamejijengea utando wa ute, wamejifunika gubigubi, na dawa inapita juu yao kama mvua juu ya bati. Kijiti changu cha pamba kinaokota wale waliotoka nje kutembea. Hao ndio tunaowapima, hao ndio tunaowaua, na wenye nyumba wanabaki.

Jumamosi, 8 Machi

Paa letu linavuja, tena juu ya kitanda cha mdogo wangu. Naye ni fundi wa mapaa. Mganga hajigangi. Mama ametega beseni.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki ya mifupa. Daktari wake ni bingwa wa hospitali yetu hii hii, mrefu, mpole wa sauti, mwenye mikono mikubwa. Mimi namwita Seremala, kwa sababu kazi yake ni kutoboa na kukaza skrubu, na kwa sababu nina hasira naye tangu Januari. Nimemwambia tena: chuma kitoke, mfupa ukwanguliwe usafishwe, ndipo dawa itolewe. Dawa bila kusugua ni kazi bure. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua karatasi yangu mwenyewe, yenye sahihi yangu, akaweka kidole juu ya neno langu.

"Maabara inasema dawa inaua."

Nikamwambia maabara ni mimi. Akasema anajua. Halafu akaniomba nitoke kidogo azungumze na mgonjwa. Mimi, dada mtu, nitoke. Nikasimama kwenye korido kama niliyeleta barua. Mdogo wangu alipotoka alikuwa na dawa ile ile ya Januari mkononi, pamoja na habari kwamba dari ya chumba cha daktari inavuja kwenye kona na fundi aliyeiziba hajui kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Mtaani wanamwita mdogo wangu Kunguru, maana ukimtafuta lazima uinue macho. Leo nimemkalisha chini kama ndege wengine. Mama alikuwa anasugua dumu la maji kwa mchanga, nikaona mfano umejileta wenyewe. Nikamwambia aangalie lile dumu. Ndani lina ute wa kuteleza. Ulisuuze mara mia, ute upo. Utie dawa ya maji, yatakuwa safi leo na keshokutwa yatanuka tena. Mpaka utie mchanga utikise, uung'oe ule ute, ndipo dawa itafanya kazi yake. Nikamwambia mguuni mwake mna dumu.

Akacheka. "Dada, unanieleza kutu."

Kisha yeye ndiye akanieleza kutu, kwa raha zote. Bati likishika kutu unalisugua kwa brashi ya waya mpaka uone bati lenyewe, ndipo unapaka rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu, paa litang'aa msimu mmoja, na chini kutu inaendelea kula, tena kwa nafasi, kwa kuwa hakuna anayeiona. Nikamwuliza kama yeye hawafanyii watu hivyo. Akasema anafanya sana tu. Mteja unamweleza ukweli. Mteja akisema hana nafasi ya kusubiri kusugua, anataka rangi, unampaka rangi.

"Paa ni lake," alisema.

Mama akasema tukimaliza hotuba mmoja wetu amletee mchanga mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Kunguru yuko juu ya mapaa ya watu, mguu ameuvalisha mfuko wa plastiki.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Beseni limejaa kabla hatujaamka. Mdogo wangu amelala kando ya beseni kama mtu na mkewe.

Jumanne, 25 Machi

Kidonda kimefunga. Mama amemshukuru Mungu, kisha daktari, kisha mimi, kwa mpangilio huo. Nikasema kufunga mlango si kufukuza wageni. Akaniuliza siku hizi nina nini, mbona kila likinitoka neno ni kama nimekunywa siki. Nikaenda kumwaga beseni.

Ukweli ni kwamba nina uchungu. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni. Nilipoachika nikarudi nyumbani na sanduku moja, yeye ndiye aliyenipisha chumba kisichovuja, akahamia kile kinachovuja. Alisema fundi hawezi kulala mahali pakavu, atasahau kazi. Nataka abaki na mguu wake. Sina ombi jingine mwaka huu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimenunua skrubu za chuma cha pua. Muuza vifaa vya ujenzi akaniuliza nafunga nini. Nikamwambia mguu. Akanipa ndefu.

Mkuu wa maabara amesema nifanye jaribio lolote mradi nisimalizie hospitali sahani zake. Kwa hiyo nimechemsha chupa za jemu, nikatia mchuzi wa kuoteshea bakteria, nikatia skrubu, nikamtia yule mgeni wetu wa manjano. Nimewapa siku chache wajenge utando wao.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeona kwa macho yangu yale niliyokuwa nayasoma kwenye vitabu.

Kwanza nilitia dawa, kipimo kile kile anachomeza mdogo wangu kinavyofika kwenye damu. Mchuzi ukatulia, ukawa safi; waliokuwa wanaelea walikufa wote. Ningeishia hapo ningeandika "inaua" na kutia sahihi. Lakini nilizitoa skrubu, nikazisuuza, nikazitia kwenye mchuzi mpya. Kesho yake mchuzi ukawa mzito kama maji ya mchele. Walikuwa wamo, juu ya chuma, chini ya utando wao, wamesubiri dawa ipite.

Kisha nikachukua skrubu nyingine zenye utando ule ule, nikazisugua kwa mswaki, nikazisuuza, ndipo nikatia dawa. Dawa ile ile, kipimo kile kile. Mchuzi mpya haujaota kitu mpaka leo. Tunahangaika kutafuta dawa kali kuliko hizi tulizonazo, na hizi tulizonazo zilikuwa zinahitaji mswaki wa dukani utangulie.

Nimecheka peke yangu maabara. Baadaye sikucheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempelekea Seremala chupa zangu ofisini. Nimezipanga mezani kwake, nikamweleza moja moja. Alizitazama kwa muda, akainua ile yenye mchuzi mzito akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Najua," alisema.

Nikamwuliza anajua nini. Akasema anajua yote niliyomwambia. Akairudisha chupa mezani. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia, mlango ukiwa wazi na manesi wawili wakisikia, kwamba seremala anayeogopa kung'oa msumari wake mwenyewe aache ufundi akauze mbao. Nikamwambia analinda chuma chake kuliko mguu wa mtu. Alikunja midomo kama mtu anayemeza kidonge kikubwa, akanishukuru kwa chupa, akaniuliza kama anaweza kubaki na moja.

Amebaki nayo. Mwanaume hana hata aibu ya kukasirika.

Jumamosi, 12 Aprili

Kitundu kimerudi. Sikusema "nilikwambia". Mama anasema uso wangu ulisema kwa niaba yangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Duara la dawa ya kwanza limesinyaa. Si kwamba limepotea. Limekuwa jembamba, kama pete ya mtu aliyekonda. Nililipima mara tatu nikitarajia nimekosea.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Unawanyeshea dawa, inaua walio nje, inawafikia walio ndani ikiwa imechoka. Walio ndani wanaonja bila kufa. Ukirudia mara ya pili, ya tatu, wanazoea, na aliyezoea anazaa waliozoea. Tumekuwa tunawafundisha darasani, mimi nikishika chaki. Seremala ameandika dawa ya pili. Nilipita mlangoni kwake bila kumsalimia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua usiku na mchana. Simu ya Kunguru inaita hata wakati wa kula: njoo, panavuja. Anakwenda.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilikuwa natafuta kibiriti kwenye koti lake nikakuta vidonge. Si vya hospitali. Vya duka la mtaani, dawa ya pili hiyo hiyo, pakiti imeisha nusu. Anasema mguu ukiuma anameza, ukitulia anaacha ili visiishe haraka. Alisema kwa fahari, kama mtu mwenye mpango. Nilimfokea mpaka Mama akafunga dirisha. Nikamwuliza bati akilipaka rangi nusu, leo upande huu na wiki ijayo ule, mteja atamlipa nini. Akasema atalipwa nusu.

Hatukuongea tena mpaka tukalala.

Alhamisi, 1 Mei

Nimetoka wodini sasa hivi.

Asubuhi alipanda paa la shule fulani, mabati marefu, mvua ikiwa imekatika kidogo. Walimu wanasema walimwona ameketi kileleni muda mrefu, wakadhani anapumzika. Halafu wakaona anatetemeka. Juu ya bati moto, jua limewaka, mtu anatetemeka meno yanagongana. Walimwita ashuke, akawajibu kitu kisichoeleweka. Ilibidi mafundi wenzake wamfunge kamba kifuani wamteremshe polepole kama tangi la maji. Walimleta kwa gari la shule. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia goti mpaka kidole, mwekundu, unang'aa, na kile kitundu cha mtama kilikuwa kimepasuka.

Nilikuwa kazini. Muuguzi alikuja maabara na chupa ya damu, akaniambia ya haraka, kisha akaniangalia kwa namna fulani. Nikasoma jina. Nikaiotesha damu ya ndugu yangu kwa mikono yangu, nikaweka vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyingine zote zilizomo kabatini. Sijawahi kuomba nikiwa nimevaa glavu. Leo nimeomba.

Mama alikuja kwa miguu kwenye mvua. Alikaa pembeni ya kitanda akaanza kumfuta uso kwa khanga.

Jumamosi, 3 Mei

Sahani imejaa ukingo hadi ukingo. Dawa ya kwanza haina duara. Ya pili haina. Ya tatu ina kivuli cha duara, cha kujipa moyo tu. Niliiweka kwenye mwanga, nikaigeuza, nikaiweka tena. Karatasi ya mwezi Machi bado imebanwa ukutani juu ya meza yangu, na neno langu juu yake, na sahihi.

Nilishuka wodini na sahani mkononi, jambo lisiloruhusiwa. Seremala alikuwa tayari kando ya kitanda cha mdogo wangu. Mama alikuwa ametoka kwenda kuosha beseni. Nikamwekea sahani mbele ya macho. Nikamwambia atazame kazi yake. Kwamba Januari mlango ulikuwa wazi, Machi ulikuwa wazi, kungekuwa na mtu mwenye moyo wa kushika bisibisi leo tusingekuwa hapa. Nilisema mengi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifanya wamelala.

Aliyenijibu ni mdogo wangu, kwa sauti ndogo ya homa.

"Dada, basi. Alitaka kukitoa tangu Januari. Mimi ndiye niliyekataa, nikamkataza asikwambie."

Nikamtazama daktari. Alikuwa anatazama dirisha.

Mdogo wangu akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Januari daktari alimwambia wazi: chuma kitoke, mfupa ukwanguliwe, miezi kadhaa kitandani. Machi, nilipotolewa nje, alimwambia tena, akamsihi. Yeye alikataa mara zote mbili. Msimu wa mvua ndio msimu wake. Fundi akikosekana mvua moja, watu wanapata fundi mwingine. Lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Mwaka jana alilala miezi, na Mama, na mgongo wake ule, alimbebea beseni asubuhi na jioni, akamwosha kama mtoto mchanga. Alijiapiza hatamtia Mama beseni mkononi tena. Akaomba dawa ya kumvusha msimu, basi.

"Nilitaka rangi," alisema. "Nikapakwa."

Nilikuwa bado nimeshika ile sahani. Nikatafuta mahali pa kuiweka nikakosa.

Daktari ndipo akazungumza. Hakuna dawa ya kuusubiria mguu tena, maana sumu imeingia kwenye damu. Atakata chini ya goti. Atakata mpaka afike kwenye mfupa mzima na nyama nzima, na kidogo zaidi, asiache mbegu. Alimwambia mgonjwa, si mimi. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, akasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na yeye uoga wake aliupeleka mahali si pake.

Mama akaingia na beseni, safi, linachuruzika maji.

Jumapili, 4 Mei

Wamemkata. Yu hai.

Jumatatu, 5 Mei

Daktari ameleta bamba mwenyewe maabara, ndani ya chupa. Angeweza kumtuma mtu.

Kwa macho tu linaonekana safi, chuma cha kuvutia, skrubu sita. Ukilielekeza kwenye mwanga unaona kwenye kingo kitu kama kamasi kavu. Nilikwangua kidogo nikaweka chini ya hadubini, nikamwita atazame. Walikuwa wamepangana tabaka kwa tabaka, mji mzima, ndani ya ute wao. Alitazama muda mrefu.

Aliniuliza duara la Januari lilikuwaje. Nikamwambia pana. Akasema anajua, alitaka tu kulisikia kwa mwingine. Akasema Machi alikuwa na mambo mawili: kumwandikia dawa, au kukataa. Akikataa, mgonjwa angenunua dukani.

"Alinunua vilevile," nikamwambia.

Tukakaa. Nikamwomba radhi kwa yale ya mbao na misumari, na kwa kumwita Seremala. Akasema hospitali nzima inamwita hivyo, mimi nilidhani jina hilo limebaki maabara? Sikumwona akitabasamu. Alipotoka nililia, kisha nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama tunavyotakiwa.

Ijumaa, 9 Mei

Mama amejua. Sijui nani alimwambia. Pengine alisikia akiwa mlangoni siku ile. Alikuwa anakunja nguo za mdogo wangu, akafika kwenye suruali, akasimama nayo, hajui mguu mmoja aukunjie wapi.

"Nani alimwambia beseni lilinichosha?" aliniuliza.

Nimemchukulia Mama msimu mzima kama mtu asiyeelewa kinachoendelea, wa kupewa habari nusu nusu. Kumbe angeulizwa neno moja tu Januari, mguu ungekuwepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza.

Jumatano, 14 Mei

Sampuli ya mgonjwa wa kitanda kilichokuwa jirani na cha mdogo wangu, mzee mwenye kidonda cha mgongo. Manjano, harufu ile ile. Hakuna duara kwa dawa ya kwanza, hakuna kwa ya pili. Ya tatu, kivuli.

Ni wa kwetu. Ametoka mguuni mwa ndugu yangu akavuka, kwa mkono wa mtu au kwa shuka, sijui. Yule mzee alikuwa akimpa mdogo wangu redio yake asikilize mpira. Nimempigia simu daktari, wamemtenga, wanamsafisha kidonda kila siku, wanakwangua kwanza. Safari hii wanakwangua kwanza.

Jumatatu, 19 Mei

Mzee wa redio amefariki.

Sijamwambia mdogo wangu. Ameniuliza habari zake mara mbili, nikasema amehamishwa.

Jumamosi, 24 Mei

Amerudi nyumbani kwa magongo. Majirani walikuja, wakasema pole, wakasema bora uhai. Ni kweli, bora uhai. Lakini anayelisema ameketi kwa miguu miwili. Simu yake haiiti. Mvua zimepungua, na waliokuwa wanavujiwa wamepata mtu mwingine. Beseni liko chini ya kitanda chake kwa kazi nyingine sasa. Mama analibeba asubuhi na jioni na hasemi kitu, na yeye anageuza uso ukutani.

Jumamosi, 31 Mei

Jua kali, la kwanza kwa muda mrefu. Nimeamka nikakuta ngazi imeegemezwa ukutani. Kunguru alikuwa amekaa uani juu ya ndoo iliyofunikwa, magongo kando, vyombo vyake vyote amevitandaza mbele yake. Akasema paa hili limemchosha, leo linazibwa. Nikamwuliza na nani. Akanitazama mpaka nikaelewa.

Nimepanda. Mwanamke wa umri wangu, nikiwa nimevaa suruali yake, Mama ameshika ngazi kwa mikono miwili akiniambia nisitazame chini. Juu kule nikaona nilichokuwa nakisikia kila mvua: juu ya kitanda chake mabati yalikuwa yamepakwa rangi nyekundu, bado inang'aa. Nikamwuliza aliyepaka ni nani. Akasema ni yeye, msimu uliopita, alikuwa na haraka.

"Sugua kwanza," alisema. "Usipake kitu."

Nikasugua kwa brashi ya waya. Rangi ikatoka maganda maganda, chini yake kutu, chini ya kutu kutu. Jasho likaniingia machoni. Aliniambia nisiogope, nisugue mpaka nione bati lenyewe. Nikakandamiza, na brashi ikazama. Ilitokea upande wa pili. Niliweza kuona shuka lake kule chini, na alama ya duara mahali beseni lilipokuwa likikaa.

Nikamwambia limetoboka. Akauliza kiasi gani. Nikasema mkono unapita.

Nikamwuliza nifanye nini, nizibe, nipake kitu, kuna lami pale.

"Hapo hapapakwi tena," alisema. "Kata. Nenda mpaka ufike kwenye bati zima, halafu ongeza kidogo."

Akamkabidhi Mama mkasi wa bati, Mama akapanda vidato viwili akaninyooshea. Nikaupokea, nikatafuta mahali ambapo bati lilikuwa bado zima, nikaanza kukata.